Kitochi cha Kariakoo: kila kitu kizima isipokuwa batani ya reli (#)

Wanangu wameniuliza hadi wamechoka: mtu mzima anaachaje simu janja na kurudi kwenye kitochi? Sikuhama kwa sababu ya makundi ya WhatsApp, ingawa yale ya michango ya harusi peke yake yangetosha. Mimi nauza samaki. Nanunua soko la Feri, Dar es Salaam, alfajiri, napeleka kwenye migahawa na hoteli kadhaa mjini, na kuanzia saa kumi na moja mikono yangu ina maji. Kioo cha simu ya kupangusa kinatambua kidole kwa umeme mdogo, na maji nayo yanapitisha umeme, kwa hiyo tone likikaa juu yake simu haijui kidole ni kipi na tone ni lipi. Unagusa jina la mteja, inampigia shemeji yako aliyelala. Unaandika 80,000, sifuri moja inaruka, unabaki kubishana na mtu kwamba hukukusudia kumpunja. Nilichotaka ni batani. Kitu unachokibonyeza, kikabonyezeka.

Nikaenda Kariakoo, mtaa wa Aggrey, ambako simu zimepangwa kila mlango. Duka silitaji. Kijana aliyenipokea alikuwa na adabu hadi nikamsifu moyoni. Shikamoo mama, karibu mama yangu, kaa hapa mama. Akataja 35,000, akashuka hadi 32,000. Habari za laini ngapi, redio na tochi zimeandikwa kwenye boksi, sitawachosha nazo. Nikapiga *#06# nione kama IMEI, namba ya utambulisho wa simu, inafanana na ya kwenye boksi, desturi iliyotukaa wengi tangu Juni 2016, TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilipozima simu feki. Namba 15 zikaja, zikalingana. Reli ilikubali mara moja. Naomba mlikumbuke hilo.

Mwanzoni, jamani, niliipenda. Kile kinundu kidogo kwenye 5 kinaniambia kidole kiko wapi, nabonyeza bila kuangalia huku mkono mwingine uko kwenye barafu. Chaji inakaa mpaka nasahau chaja iko wapi. Imeanguka kwenye sakafu ya sokoni, nikaiokota, nikaendelea kuongea na mtu yule yule. Kila niliyekutana naye nilimwambia auze simu janja yake.

Halafu reli ikaanza vituko.

Asiyetumia kitochi hawezi kujua batani ile imebeba mambo mangapi. Kwenye ujumbe, reli ndiyo inayobadilisha herufi ndogo kuwa kubwa. Ukiishikilia, simu inaingia kimya. Na bila reli mwishoni, hakuna *150*00# ya kufungulia M-Pesa, hakuna salio, hakuna bando, hakuna vocha ya kukwangua. Batani nyingine ikifa unaweza kujizungusha. Reli ikifa umebaki na tochi yenye redio.

Yangu haikufa moja kwa moja, na hapo ndipo ilipoanza kunichanganya. Kuna siku inanata, inabaki chini. Ikinata nikiwa naandika, ujumbe wote unatoka kwa herufi kubwa. Mpishi mmoja wa hoteli, kijana mpole sana, alinipigia kwa sauti ya chini: "Mama, nimekukosea nini mbona unanifokea?" Nilikuwa nimemwandikia CHANGU WAPO ILA WADOGO. Ikinata ikiwa mfukoni, simu inaingia kimya yenyewe. Dalali ananipigia kwamba boti imeingia, mimi nipo hatua chache tu kutoka kwake, sisikii kitu.

Siku nyingine hainati, inakataa kabisa. Iliyonitoa machozi ilikuwa mnadani. Fungu la changu wazuri, wakubwa, bei imefika kwangu na imesimama. Sikutembea na fedha nyingi mfukoni kwa sababu alfajiri pale unajua mwenyewe. Nikatoa kitochi. Nyota, moja, tano, sifuri, nyota, sifuri, sifuri, reli. Hakuna. Reli. Hakuna. Nikakaza kidole gumba, zikatokea reli mbili kwa mpigo, nikapiga, simu ikanijibu kwamba ombi halikufanikiwa. Nikafuta moja, ikafuta zote mbili. Dalali akaniangalia. "Mama, hela ipo au nimpe mwingine?" Akampa mwingine, na simlaumu, samaki hawasubiri mtu. Huyo mwingine alilipa kwa simu ya kioo, mikono mikavu, amevaa shati limepigwa pasi.

Nikarudi dukani nikiwa na boksi, karatasi ya waranti na risiti yangu.

Shikamoo haikuwepo. Yule yule kijana, kiti kile kile, ila siku hiyo nilikuwa "we mama". Nikamweleza kuhusu reli. Hakuijaribu. Aliichukua simu, akaifungua mfuniko wa nyuma, akaileta puani. Akainusa! Mbele ya wateja. Kisha akamwangalia mwenzake, wakacheka, akasema, "Hii simu inanuka samaki. Umeiloweka, waranti haihusiki na maji." Nikamwambia siiloweki, naishika kwa mkono wenye unyevu kisha naifuta, na nilimwambia kazi yangu siku ya kununua, naye ndiye aliyesema hii ndiyo yenyewe, mama yangu. Akanirudishia kwa ncha za vidole. Akaongeza kwamba vitochi ni vya kupokelea simu tu, mambo ya pesa nitafute simu janja, anazo, anipunguzie?

Nimeuza samaki miaka mingi. Harufu hiyo imelipa ada za shule, na ndiyo iliyolipa ile 32,000 aliyoihesabu mara mbili bila kuinusa. Ukiniuliza leo nina hasira na simu au na yule kijana, nitakwambia na simu, halafu nitaanza kumsema kijana.

Fundi wa chini ya ngazi, mtaa huo huo, aliifungua nikiwa nimesimama. Chini ya kila batani kuna kibati kidogo cha duara kilichobinuka. Ukibonyeza kinalala, kinagusana na bodi, ukiachia kinainuka. Vyote vimeshikiliwa na karatasi ya gundi. Hakuna kutu, hakuna chumvi, akanionyesha. Kibati cha reli, kule pembeni kabisa, kilikuwa kimekaa upande, na mpira wa batani unakigusa ukingoni badala ya katikati. Ndiyo maana kuna siku kinakubali na kuna siku hapana. Hayo siyo maji, hayo yametoka kiwandani. Akakisogeza, akasafisha kwa spiriti, akachukua 3,000. Ikafanya kazi vizuri sana, kwa muda usiotosha kuuita uponyaji.

Kwa hiyo msinunue. Ningeishia hapo, lakini nitakuwa siwatendei haki, kwa sababu bado ninayo na asubuhi ya leo nimeitumia. Binti yangu aligundua ujanja. Aliichukua laini yangu, akaiweka kwenye simu yake, akaandika *150*00# kama namba ya mtu, akaipa jina "A Pesa", akahifadhi kwenye laini, si kwenye simu. Laini iliporudi kwenye kitochi, jina likaja nalo. Sasa nachagua A Pesa, napiga kijani, menyu inafunguka, na huko ndani ni tarakimu tu, reli haihitajiki. Akaweka na ya salio. Nimelipa mnadani kwa njia hiyo, mikono imelowa, na simu haikukosea hata sifuri moja. Simu janja haijawahi kunifanyia hivyo. Basi labda nunueni, ila mkiwa dukani ibonyezeni reli mpaka muuzaji aanze kuguna, na mshikilie, na muiachie taratibu, na mbonyeze kwa pembeni. Ile *#06# moja tu haitoshi.

Lakini hapana, kwa nini nimtafutie ujanja mtu aliyeniuzia? Vocha ya kukwangua kila moja ina namba zake, hiyo huwezi kuihifadhi kama jina. Na hili halikuwa jambo gumu kulitengeneza. Nokia 1100 ilitoka mwaka 2003, zikauzwa zaidi ya milioni 250 duniani, na batani zake zilifunikwa kwa mpira mmoja makusudi, ili vumbi lisipenye. Marehemu baba alikuwa nayo, akiitupa kwenye kapu pamoja na nyanya. Ujuzi upo, miaka yote hii upo. Leo mtu anakuwekea kamera ambayo picha zake huwezi kujua huyu ni mjomba au mlango, halafu anabana matumizi kwenye batani, kitu pekee kilichomfanya mteja aache kioo!

Binti yangu anasema nishitaki. Kwa 32,000? Nauli na siku ya biashara vitakula zaidi ya hapo. Ninachotafuta sasa ni kitochi cha zamani kilichotumika, chenye mpira mzima na betri inayoshika chaji. Anayemjua muuzaji wa kuaminika, anayetoa risiti na asiyenusa simu za watu, anijulishe. Naandika haya kwa simu ya binti yangu, yangu mnaijua hali yake. Nipigieni, msiniandikie. Nisipopokea, ujue reli imeniweka kimya tena, rudia baadaye.