Kikombe cha mfalme ambaye hakutawazwa: uzoefu wangu wa miezi saba

Nilikipata soko la Mwanjelwa, hapa Mbeya, mwezi wa tano, kwenye turubai la mzee mmoja anayeuza vyombo vya mtumba. Nilikuwa natafuta sufuria ya kuchemshia maziwa. Kikombe kilikuwa kimelaliwa na sahani mbili, nikaona kwanza mkono wake, kisha ukingo wenye mstari wa dhahabu uliofifia, kisha sura ya kijana mwenye nywele zilizochanwa upande. Bendera za Uingereza kushoto na kulia, taji likielea juu ya kichwa bila kukigusa. Chini kuna utepe uliochorwa wenye maneno ya Kiingereza: Mfalme Edward wa Nane, na tarehe ya kutawazwa kwake, 12 Mei 1937.

"Shikamoo baba. Hiki bei gani?"

"Marahaba mwanangu. Hicho elfu saba. Hicho cha kifalme, usikifananishe na hivyo vingine."

Tulimaliza kwa elfu nne, na sufuria juu yake. Nilipofika stendi ya daladala mikono bado ilikuwa inanitetemeka, maana nilijua nimeshika nini. Edward wa Nane hakuwahi kutawazwa.

Kwa asiyeijua habari hii: Edward alirithi kiti tarehe 20 Januari 1936, baba yake alipofariki. Siku ya kumvika taji ikapangwa Mei ya mwaka uliofuata, na viwanda vya vyombo Uingereza vikaanza kazi mapema, kwa sababu mamilioni ya vikombe huwezi kuvichoma kwa wiki mbili. Edward akataka kumwoa Wallis Simpson, Mmarekani aliyekuwa akimaliza talaka ya pili. Serikali na Kanisa wakakataa, naye Desemba 1936 akaachia ufalme. Mdogo wake, George wa Sita, akavikwa taji siku ileile iliyokuwa imepangwa, 12 Mei 1937. Tarehe kwenye kikombe changu ni sahihi kabisa. Mtu ndiye siye.

Sasa nikieleze chenyewe. Ni cha udongo mweupe mzito, kinaingia chai ya kawaida ya mtu mmoja. Ndani mng'ao wake umefanya nyufa nyembamba kama utando wa buibui, hazipitishi maji ila zimenyonya rangi ya chai ya watu wa zamani. Ukingoni, karibu na mkono, kimemeguka kipande kidogo kama punje ya mchele. Dhahabu imebaki nusu: upande wa kunywea imekwisha, upande wa pili bado inang'aa. Hilo ndilo lililonigusa kuliko picha yenyewe. Kuna mtu alikinywea miaka mingi kwa mkono wa kulia, midomo yake ikaifuta dhahabu mahali pamoja, huku akijua wazi kwamba huyo mfalme hayupo.

Kukinywea mimi sishauri. Nilijaribu mara moja tu, chai ya Tukuyu, nikaacha niliposoma kwamba rangi za kupamba vyombo vya enzi hizo mara nyingi zilikuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, ndani yake. Kwenye maikrowevu usikitie kabisa, ule mstari wa dhahabu utatoa cheche. Kukiosha, tumia maji ya uvuguvugu na kitambaa laini, bila stili waya. Mimi nimekiweka mezani ninapoandikia, kina kalamu tatu na rula.

Na usidanganyike na bei. Watu wengi wakisikia mfalme hakutawazwa wanadhani kikombe ni adimu na kitawatajirisha. Vilitengenezwa vingi mno kabla ya Desemba ile, na vikaendelea kuuzwa baadaye pia, wengine wakivinunua hasa kwa sababu ya kisa chenyewe. Vya kawaida kama changu thamani yake si kubwa hata huko vilikotoka. Ukitajiwa laki, rudisha chini taratibu, salamu njema, uondoke.

Mimi kilinilipa kwa njia nyingine. Huu ni mwaka wa tatu naandika riwaya ya himaya ya kubuni, yenye milima inayofanana na Livingstone na ziwa linalofanana na Nyasa. Sura ya kutawazwa kwa mfalme niliiandika mara nne. Kila mara ilikuwa na tarumbeta, zulia jekundu, taji zito, umati ukishangilia. Nilimsomea dada yangu, akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Hao watu wanaoshangilia wamekula nini leo?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimelijua taji kito kwa kito, na watu wa himaya yangu sikuwajua.

Ndipo nikaanza kutafuta habari za vitu vidogo vya sherehe hizi, na nimekuta mambo ambayo kila anayejenga falme za kubuni angepaswa kuyajua. Mwaka 1902 Edward wa Saba alikuwa atawazwe tarehe 26 Juni. Siku mbili kabla akapasuliwa tumboni kwa ugonjwa uliotoka kwenye kidole tumbo, sherehe ikasogezwa hadi 9 Agosti. Vikombe vilikuwa vimeshatoka na tarehe ya Juni, na ndivyo vilivyobaki kwenye makabati ya watu. Mfalme akapona, tarehe haikupona.

Moscow ndiko kunakoumiza. Mei 1896, siku nne baada ya Nicholas wa Pili kutawazwa, watu wa kawaida waliitwa kwenye uwanja wa Khodynka wakapokee zawadi: mkate, soseji, biskuti ya tangawizi, na kikombe cha bati lenye enameli chenye herufi za jina la mfalme. Ni jamii ileile ya vikombe tulivyonywea uji utotoni. Walikusanyika malaki tangu usiku. Ukasambaa uvumi kwamba zawadi hazitatosha, watu wakasukumana kwenye uwanja uliojaa mashimo na mitaro, na zaidi ya 1,300 wakafa. Nilipomaliza kusoma nilikiangalia kikombe changu kwa muda mrefu, nikawa nawaza uzito wake, kitu ambacho mtoto anaweza kukibeba kwa vidole viwili.

Taji lenyewe ambalo Edward hakulivaa linaitwa la Mtakatifu Edward, na lina zaidi kidogo ya kilo mbili. Chukua pakiti mbili za sukari za kilo moja, ziweke kichwani, ukae wima. Lakini hata hilo si la kale kama linavyojionyesha. Lilitengenezwa 1661, kwa sababu mwaka 1649, baada ya Charles wa Kwanza kukatwa kichwa, waliouondoa ufalme waliamuru mataji yayeyushwe. Kijiko cha fedha cha karne ya 12, kinachotumika kumpaka mfalme mafuta, kilinusurika. Alikinunua mtumishi wa zamani wa mfalme, Clement Kynnersley, kwa shilingi 16, na ufalme uliporudi akakirudisha. Yaani chombo kikongwe kuliko vyote kati ya vyombo vya kifalme vya sherehe ile kipo leo kwa sababu mtu wa kazi za ndani alilipa shilingi 16 akakitunza. Nimeiandika hiyo ukurasa wa kwanza wa daftari langu.

Kuna ununuzi wa pili ambao sikuridhika nao, nausema ili wengine wajihadhari. Nilipokolea nikaagiza kwa muuzaji wa mtandaoni aliyeko Dar kikombe cha kutawazwa kwa Elizabeth wa Pili, 2 Juni 1953. Picha zilikuwa nzuri, bei elfu thelathini na tano pamoja na kutuma. Kikaja na basi ndani ya boksi la viatu, kimefungwa gazeti moja. Mkono umekatika sehemu mbili. Nikampigia, akasema kilitoka kizima, nimwulize konda. Konda naye akasema yeye hupokea boksi, hafungui. Nikarudishiwa elfu kumi baada ya wiki tatu za kusumbuana. Vyombo vya udongo usiagize bila kupatana kwanza nani anabeba hasara, na dai kifungwe kwa nguo, kila kipande peke yake, na ndani pia kijazwe nguo. Barabara ya kutoka Dar hadi huku tunaijua sote.

Mwezi wa nane nilikwenda kwa shangazi Iringa, nikapata nafasi ya kufika Kalenga kwenye makumbusho ya Mkwawa. Nilidhani nitakwenda kutazama mikuki na viti, nikajikuta nimesimama mbele ya fuvu tu. Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alijipiga risasi Julai 1898 ili asikamatwe na Wajerumani, nao wakachukua kichwa chake. Mkataba wa Versailles wa 1919 ulidai kirudishwe, kifungu cha 246. Kilirudi Juni 1954, Gavana Edward Twining akamkabidhi Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa. Mwaka mmoja tu kabla yake Tanganyika hii hii ilikuwa inabandika stempu za senti 20 za kutawazwa kwa Elizabeth. Nilivitafakari vitu hivyo viwili njia nzima kurudi Mbeya, kuanzia Mafinga hadi Igawa: wengine walipewa sura ya malkia waibandike kwenye bahasha, na Wahehe walisubiri miaka zaidi ya hamsini warudishiwe kichwa cha mtawala wao.

Aliyenifungulia sura yangu ya kutawazwa, hata hivyo, ni bibi. Bibi ni wa Rungwe. Nilimpelekea kikombe akione, nikamweleza habari yake, naye akanieleza ya ubusoka, sherehe ya wana kukabidhiwa nchi, kama alivyosimuliwa na wazazi wake. Kwa Wanyakyusa baba hakusubiri kufa ndipo mwana atawale. Kizazi cha wana kikishakomaa, baba anawakabidhi nchi yeye akiwa hai. Wana wawili wakubwa wa chifu wanatolewa hadharani, nchi inagawanywa, wanachaguliwa pia amafumu, yaani wakuu wa vijiji, ambao si wa damu ya chifu. Taji hakuna. Siku hiyo moto wa zamani unazimwa, jiko kwa jiko, nchi nzima inabaki baridi. Halafu moto mpya unapekechwa kwa vijiti, na kila nyumba inakuja kuchukua wake.

Nilimwuliza bibi, na asiyemtaka huyo chifu mpya?

"Naye anapika," alisema. "Atakula mbichi?"

Nilirudi nyumbani nikaifuta sura yote. Himaya yangu sasa haina tarumbeta. Inaanza na mama mfinyanzi, niliyemfikiria kwa kuwatazama akina mama wa Kikisi wa Ikombe, kule Matema, wanaofinyanga vyungu tunavyovinunua Kyela na hadi huku mjini. Amechoma vyungu vya moto elfu tatu vyenye alama ya mwana wa mfalme, kila nyumba chungu kimoja cha kubebea kaa la moto mpya. Usiku wa kuamkia sherehe mwana wa mfalme anatoroka. Asubuhi anasimamishwa mdogo wake. Vyungu vipo, nchi ni baridi, watoto wanalia njaa, na kila chungu kina jina la mtu aliyekimbia. Watu wanachukua moto hivyo hivyo. Miaka arobaini baadaye jina la aliyekimbia bado liko jikoni kwa kila mtu, limefifia upande mmoja tu, upande unaoshikwa.

Dada amesoma. Safari hii hakuuliza wamekula nini.

Kwa hiyo kikombe nakipa alama za juu, nyota tano kwa kilichonifanyia na tatu kwa hali yake, kwa sababu ya ule mmeguko na nyufa za ndani. Ukikiona kama hiki Mwanjelwa, Mlandege au popote panapomwagwa vyombo vya mtumba, kigeuze kwanza utazame muhuri wa kiwanda chini, pitisha kucha ukingoni utafute mmeguko, kisha kigonge taratibu kwa kidole: kizima kinalia, chenye ufa kinatoa sauti iliyokufa. Elfu nne hadi kumi ni bei ya haki. Mzee wangu wa Mwanjelwa nimemwomba akipata vyenye tarehe aniwekee pembeni, na hadi sasa ameniwekea sahani moja ya 1937, ya George, isiyo na kasoro hata moja, ambayo sijaipenda nusu ya ninavyokipenda hiki.

Siku ile bibi alikishika muda mrefu, akapitisha kidole gumba mahali dhahabu ilipokwisha, akakigeuza, akatazama chini. Akaniuliza kama watu walionunua walirudishiwa hela zao.

Nikamwambia hiki kilibaki na mwenyewe, bibi, tazama kilivyonywewa.

"Basi aliyekuwa nacho hakukosa kitu," akasema, akanirudishia.