Kompyuta ya gemu ya hali ya juu: pesa uziweke wapi, uzibanie wapi

Kabla hujachagua kadi ya michoro (inayochora picha za gemu) wala prosesa (ubongo wa kompyuta), chagua skrini. Skrini ya 4K ina pikseli 3,840 kwa 2,160, jumla yake milioni 8.3. Ya 1440p ina milioni 3.7 tu. Kadi inayokimbia vizuri kwenye 1440p inaweza kuhema kwenye 4K, na hakuna prosesa itakayoiokoa.

Ukishaamua, nenda kwenye kadi ya michoro. Ndiyo itakayokula fungu kubwa la bajeti, na inastahili. Mimi nazipanga hivi:

1. RTX 5070 Ti ya Nvidia. Ina GB 16 za GDDR7 (kumbukumbu ya kadi yenyewe) na inatumia wati 300. 1440p inaimudu kwa raha, na 4K pia ukiwasha DLSS (mbinu ya Nvidia ya kuchora picha ndogo kisha kuikuza). Wengi hawahitaji zaidi ya hii.
2. RX 9070 XT ya AMD. GB 16 pia, ingawa ni GDDR6 ya kizazi cha nyuma, kwa wati 304. Katika gemu za kawaida inaifuata ya kwanza kwa karibu, ila huachwa nyuma pale gemu inapokokotoa miale ya mwanga kwa wingi. Ukiikuta kwa bei ya chini ya kutosha, badilisha nafasi zao.
3. RTX 5090, kwa asiyehesabu. GB 32, kore za CUDA (vitengo vidogo vya kukokotoa) 21,760, wati 575.
4. RTX 5080. Naam, ya nne. Si kadi mbaya, lakini kumbukumbu yake ni GB 16 zilezile za 5070 Ti, na kore zake 10,752 hazifiki hata nusu ya zile za 5090. Unalipia daraja ambalo halikupandishi sana.

Kwenye prosesa ubishi ni mdogo: Ryzen 7 9800X3D ya AMD. Kore zake ni 8 tu, lakini ina kashe ya L3 (kumbukumbu ya haraka ndani ya prosesa) ya MB 96, kwa hiyo data nyingi ya gemu hukaa jirani na kore badala ya kufuatwa mbali kwenye RAM, kumbukumbu kuu ya kompyuta. Kashe hiyo ya ziada imelazwa chini ya kore, kinyume na 7800X3D ya 2023 ambayo iliibeba juu, na hivyo joto linatoka kirahisi. Hiyo 7800X3D ndiyo ya pili kwangu. 9950X3D yenye kore 16 mwachie anayehariri video. Kashe ya ziada iko upande wa kore 8 tu, na gemu hupendelea upande huo. Core Ultra 9 285K ya Intel inafaa kwa kazi nzito, lakini ilipotoka 2024 ilishindwa katika gemu nyingi na 14900K iliyoitangulia.

Sasa pawa saplai, kifaa kinachogawa umeme, ambayo watu huiacha ya mwisho na kuinunulia chenji iliyobaki. Nvidia inapendekeza wati 750 kwa 5070 Ti, 850 kwa 5080 na 1,000 kwa 5090. Tafuta ya kiwango cha ATX 3.1 yenye plagi ya 12V-2x6, inayopeleka umeme kwenye kadi. Plagi hiyo ndogo ya pini 16 inaruhusiwa kupitisha wati 600, yaani ampea 50 kwa volti 12, na toleo lake la awali lilijulikana kwa kuyeyuka kwenye baadhi ya kadi za RTX 4090 za kizazi kilichopita, hasa ilipokuwa haijazama vizuri. Katika toleo jipya pini za kuhisi (zinazoijulisha kadi kuwa plagi imeingia) zimefupishwa ili plagi isiyoingia sawasawa isipate umeme. Hata hivyo, isukume mpaka mwisho, na usiukunje waya pale pale unapotokea.

Mengine yasikuumize kichwa. RAM: GB 32 za DDR5-6000 CL30 (6000 ni kasi, CL ni ucheleweshaji), vipande viwili, maana vinne mara nyingi hulazimu kasi ishuke. Washa EXPO (mpangilio unaoipa RAM kasi yake kamili) kwenye BIOS, menyu ya mipangilio ya madabodi, la sivyo itakwenda kwa mwendo wa chini na hutajua. SSD, yaani diski: TB 2 za PCIe 4.0 (njia ya data kati ya madabodi na vifaa). Za 5.0 husoma hadi MB 14,000 kwa sekunde, maradufu ya hizo, lakini gemu zikifunguka hutaona tofauti ya maana. Madabodi (ubao mkuu unaounganisha vyote) yenye chipu ya B850 inatosha. X870E inakuongezea USB4 na njia nyingi za PCIe. Taa za rangi ni hiari yako, fremu haziongezi hata moja.

9800X3D imepangiwa wati 120, hivyo kipozeo cha hewa chenye minara miwili kinaiweza. Cha maji cha milimita 360 ni kwa anayependa mwonekano wake. Kasha liwe na uso wa wavu, na upime ndani kabla ya kulipa: kadi nyingi za 5090 huzidi urefu wa milimita 330, na rejeta ya kipozeo cha maji ikifungwa mbele pamoja na feni zake hula nyingine 50 hivi.