Karakana ndogo ya uhunzi: ununue nini kwanza Nairobi

Kwa anayeishi ploti ya kupanga, kila kifaa lazima kiingie kwenye buti ya gari. Pesa nyingi zitaenda kwenye tanuri na fuawe, yaani chuma kizito cha kufulia juu yake.

Tanuri

Namba moja ni la makaa: karai la chuma nene lililokandikwa ndani udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na mchanga, unene wa sentimita 3 hadi 5, na bomba la inchi 1 la hewa ubavuni. Bomba na miguu utachomelewa na mafundi wa Kamukunji. Udongo ukauke kivulini wiki nzima. Ukiwasha moto ungali na unyevu, mvuke unaupasua. Chagua blowa ya kuzungusha kwa mkono. Stima ikipotea unaendelea na kazi, na ukiacha kuzungusha, makaa hayaliwi bure.

Wengi huharibu chuma kwa kukilaza mbele ya mdomo wa bomba. Hewa ya hapo bado mbichi, hukila na kukijaza magamba. Vunja makaa yawe na ukubwa wa ndimu, yarundike sentimita 10 juu ya bomba, na chuma kikae katikati ya rundo.

Namba mbili ni la gesi. Halirushi cheche, na majirani watakushukuru. Lakini regulata ya jikoni haina nguvu ya kuliendesha. Tafuta ya shinikizo kubwa inayorekebishika. Mtungi wa kilo 6 ukitoa gesi kwa kasi hupoa, shinikizo likashuka, moto ukalegea. Chukua wa kilo 13. Blanketi la nyuzi za kauri la ndani lipakwe saruji ya tanuri, kwani nyuzi zake zikipeperuka ni hatari kwa mapafu.

Yote mawili ni ya nje. Kaboni monoksidi, gesi ya sumu inayotoka motoni, haina harufu.

Fuawe

Bora kwa anayeanza ni bonge la chuma lisilo na uwazi ndani, sentimita 10 kwa 10, urefu 25, karibu kilo 20. Lichimbie wima kwenye gogo ili uzito wote uwe chini ya nyundo. Uso wake ulingane na ngumi yako ukisimama umelegeza mkono. La pili ni kipande cha reli, nacho kisimame wima. Reli huibwa, kwa hiyo usiichukue bila risiti ya muuzaji mwenye leseni. Sheria ya Chuma Chakavu ya 2015 haina mchezo.

Mwisho kabisa ni fuawe mpya za chuma cha kumimina, zenye pembe ya kupendeza. Zinabonyea na kumeguka kingo. Dondosha gololi ya beringi kutoka sentimita 25: ikirudi chini ya nusu, endelea kutafuta.

Vifaa vingine

Nyundo ya kilo 1 inatosha, ila piga faili kingo zake ziwe mviringo, la sivyo kila pigo litaacha kovu. Koleo zingoje: ukifanyia mazoezi chuma laini cha milimita 10 au 12 chenye urefu wa sentimita 60, unakishika mkono mtupu upande wa pili. Mabomba ya maji yenye zinki usiyatie motoni hata kidogo. Moshi wake huleta homa jioni hiyo hiyo.