Kanuni za nidhamu za BYU: tathmini kwa wazazi wa Malindi

Ukimtafutia mwanao chuo cha dini, usiishie kwenye ada na hosteli. Tafuta kifungu cha msamaha kwa anayeripoti kubakwa. Brigham Young (BYU), chuo cha Wamormoni kule Utah, Marekani, hukataza pombe, zinaa na kuingia chumba cha kulala cha jinsia nyingine. Hadi 2016, aliyeripoti kubakwa aliweza kuchunguzwa yeye kwa makosa hayo hayo, na hofu hiyo huziba mdomo. Malalamiko yalipopamba moto, jopo la chuo likatoa mapendekezo 23, yakiwemo kumsamehe mlalamikaji na kuitenga ofisi ya ripoti na ile ya nidhamu. Utengano huo tunausifu kuliko yote: faili likivuka mlango, imani imekwisha.

Kwa chuo chochote cha Pwani, omba jibu la maandishi: msamaha umeandikwa? Nani hulifungua faili?

Na kanuni ziwe zipi, aliyebakwa aende hospitali kwanza, kabla ya ofisi ya mkuu wa wanafunzi. Asioge. Nguo zitiwe mfuko wa karatasi, maana plastiki huzivundisha na ushahidi ukaharibika. Dawa za kuzuia VVU huanzwa ndani ya saa 72, humezwa siku 28. Fomu ya PRC, ya huduma baada ya kubakwa, ijazwe hapo hapo.