Haidromita ya betri: nunua ya kioo, ya vigololi iache

Mita ya volti hupima betri nzima kwa mkupuo. Betri ya gari ya volti 12 ina seli 6, na moja ikianza kuchoka, jumla ya volti haikuambii ni ipi. Haidromita hupima ukali wa asidi seli moja moja. Kama betri yako ni ya maji, yenye vizibo vinavyofunguka, nunua hii hata kabla ya chaja.

Ziko za aina mbili. Ile ndogo ya plastiki yenye vigololi vya rangi haivunjiki ovyo, ila hukupa makadirio tu: kigololi kimeelea au kimezama. Kiputo cha hewa kikikinata, betri iliyoisha huonekana imejaa. Ya kioo ina mpira wa kufyonzea na boya lenye mistari kuanzia 1.100 hadi 1.300 (uzito wa asidi ukilinganishwa na maji, ambayo ni 1.000). Hiyo ndiyo inayoonyesha tofauti ndogo, na tofauti ndogo ndizo tunazotafuta. Kabla ya kulipa, itikise polepole. Karatasi ya namba ikicheza ndani ya boya, usiichukue, maana itakudanganya kila mara.

Kupima hakuna ugumu. Vaa miwani na glovu, zima gari, na moto usisogee karibu, kwa sababu betri hutoa haidrojeni. Bonyeza mpira kwanza, ndipo utumbukize mrija, kisha uachie taratibu hadi boya lielee bila kugusa pembeni wala juu. Gonga kioo kwa kidole viputo vitoke. Soma macho yakiwa usawa wa asidi, pale katikati palipo bapa, si ukingoni inapopanda kwenye kioo. Irudishe asidi kwenye seli ileile, andika namba, nenda inayofuata.

Kwenye joto la nyuzi 25, 1.265 hadi 1.280 ni betri iliyojaa, 1.225 ni kama robo tatu, 1.190 nusu, 1.155 robo. Asidi ikiwa na joto zaidi, ongeza 0.0007 kwa kila nyuzi: 1.255 kwenye nyuzi 40 ni betri iliyojaa kabisa. Ndiyo maana yenye kipimajoto ni bora zaidi.

Seli zote zikiwa chini kwa usawa, tatizo ni chaji: safari fupi mno, mkanda umelegea, au altaneta. Chaji hadi ijae, pima tena. Baada ya hapo, seli moja ikiachana na nyingine kwa 0.050 au zaidi, hiyo imekufa, na hakuna maji yatakayoifufua.

Kosa linaloharibu vipimo vingi ni kupima mara tu baada ya kujaza maji. Maji hukaa juu, asidi nzito chini, na namba hushuka bure. Baya zaidi ni kuongeza asidi ili namba ipande: salfeti iliyoganda kwenye pleti (bamba za risasi ndani ya seli) ikirudi kwenye asidi kwa chaji, ukali hupita kiasi na kuzila pleti. Kinachopungua ni maji, basi ongeza maji yaliyochujwa kwa mvuke peke yake, na baada ya kuchaji. Pleti zikiwa wazi, zifunike tu kwa maji kabla ya kuchaji.

Ukimaliza, fyonza maji safi mara kadhaa; asidi ikibaki, mpira hukauka na kupasuka. Kwa betri iliyozibwa moja kwa moja kifaa hiki hakifai kitu. Na lile jicho la kijani juu ya betri hiyo husoma seli moja tu. Tano zilizobaki halizioni.