Rekodi za jinai Pennsylvania: uzoefu wangu, na 1 Januari iliyotukosesha nyumba

Nianze na yule dada wa kwenye simu, maana sauti yake bado ninayo masikioni. Anafanya kazi kwenye kampuni inayowauzia wenye nyumba ripoti za wapangaji. Nilimwambia kwa upole kabisa kwamba kosa la jinai waliloandika kwenye ripoti si la mume wangu, ni la mtu waliyefanana majina tu. Akasema tarehe ya kuzaliwa nayo ni ileile. Nikamweleza kuwa 1 Januari si siku aliyozaliwa, ni siku aliyoandikiwa, na mama mkwe wangu ameandikiwa hiyo hiyo, na mashemeji zangu wote. Akacheka. Akaniuliza, "Kwa hiyo ukoo mzima mlizaliwa siku moja?" Kisha akanitakia siku njema.

Mliopitia kambini hamhitaji maelezo. Mume wangu alivushwa ziwa kutoka Fizi, Kongo, akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni, akakulia Nyarugusu, ile kambi ya wakimbizi ya Kasulu, Tanzania, iliyofunguliwa mwaka 1996. Asiyejua siku yake ya kuzaliwa huandikiwa 1/1 na mwaka wa kukadiria. Kambini hakuna anayeshangaa, nusu ya foleni ya unga ni 1/1. Ila kalamu ile ikishaandika haikuachi. Inakufuata kwenye kadi ya kijani ya ukaazi, kwenye leseni, kwenye bima. Na majina yake ni ya manabii wawili, majina ambayo watu chungu nzima wanayo.

Tunakaa Erie, jimbo la Pennsylvania, Marekani. Tulipata nyumba nzuri, vyumba vitatu, mtoto anatembea dakika tano kufika shule. Tukalipa hela ya maombi ya kupanga. Baada ya siku chache ikaja barua ya kukataliwa: mwombaji ana kosa la wizi wa dukani, Philadelphia. Philadelphia ni upande wa pili wa jimbo, zaidi ya saa sita kwa gari. Mume wangu hajawahi hata kulala huko.

Barua hiyo usiitupe kwa hasira kama nilivyotaka kufanya mimi. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1970 inayosimamia ripoti za namna hii inamlazimu anayekunyima nyumba kwa sababu ya ripoti akutajie kampuni iliyoitoa, na una siku 60 za kudai nakala yako bure. Ukiipinga, kampuni kwa kawaida ina siku 30 za kuichunguza. Ndiyo maana nilipiga simu. Na ndipo nikakutana na kicheko kile.

Usiku huo sikulala. Nilifungua tovuti ya mahakama za Pennsylvania, ile inayoonyesha mienendo ya kesi. Ni bure, haitaki akaunti. Unachagua kutafuta kwa jina la mhusika, unaandika jina la ukoo na la kwanza, ukitaka unaongeza tarehe ya kuzaliwa. Usipochagua kaunti inakuletea kutoka kaunti zote 67. Ikaja kesi yenyewe. Namba yake inaanza na MC-51-CR: mahakama ya manispaa, kaunti ya 51 ambayo ni Philadelphia, jinai. Mwishoni mwa namba kuna tarakimu nne, mwaka kesi ilipofunguliwa.

Nilizitazama zile tarakimu nne mpaka macho yakaniuma. Mwaka huo mume wangu alikuwa bado Nyarugusu. Alikuwa hajafanya hata mahojiano ya safari ya kuja huku. Karatasi iko pale, bure, mtu yeyote anaifungua kwa dakika moja, na kampuni inayolipwa kwa kazi hiyo haikuona haja ya kulinganisha mwaka wa kesi na mwaka mtu alioingia nchi hii, ambao tuliwaandikia wenyewe kwenye fomu.

Usiku ule ningeipa tovuti hiyo nyota tano. Leo sina hakika. Inaonyesha hata kesi ambazo bado hazijaamuliwa, na jirani yeyote anaweza kukusoma. Yenyewe inakuonya kwamba karatasi zake zisitumike badala ya uchunguzi rasmi wa historia ya jinai, kazi ambayo ni ya Polisi ya Jimbo. Onyo limeandikwa, lakini ni nani analisoma? Na jimbo hili lilipitisha mwaka 2018 sheria ya kufunga rekodi za zamani zisionekane na umma, kwa mfumo wa kompyuta, la kwanza Marekani nzima, jambo ninalolishukuru kwa dhati. Ila nakala ambayo kampuni ilishaichukua kabla rekodi haijafungwa haijifuti yenyewe.

Njia rasmi ya kuchunguza rekodi ya mtu ni PATCH, mfumo wa Polisi ya Jimbo mtandaoni. Waliofanya kazi za kutunza wazee wanaijua karatasi yake. Ni dola 22. Unajaza jina, tarehe, jinsia, na namba ya soshali (Social Security) ukipenda. Msiiache hiyo namba, hasa nyinyi wa 1/1! Asiye na mfanano wowote hujibiwa papo hapo. Yetu haikujibiwa papo hapo, iliwekwa pembeni ichunguzwe, na tumbo likanikata. Kisha ikarudi: hana rekodi. Nililia pale jikoni. Nilijisemea kwamba hatimaye kuna mtu ameangalia kwa macho, akaona hawa ni wanaume wawili.

Kwetu Tanzania ukitaka hati ya polisi wanachukua alama za vidole. Nilikuwa naona ni usumbufu, wino mpaka kwenye kucha. Sasa naona waliopanga vile walijua wanachofanya, maana kidole hakina wajina.

Kwa hiyo PATCH nawashauri wote, na fanyeni kabla hamjaenda kutafuta nyumba, msisubiri kukataliwa. Nilitaka kuishia hapo, na hukumu yangu iwe kwamba mfumo wa jimbo ni mzuri, tatizo ni wafanyabiashara. Lakini siwezi kusema ni mzuri wakati nilipopeleka ile karatasi ofisi ya nyumba niliambiwa asante, nyumba imeshachukuliwa. Karatasi ya dola 22 ya serikali, na aliyesikilizwa ni dada wa simu. Hela ya maombi haikurudi. Kila asubuhi tunapita pale tukimpeleka mtoto shule kwa gari, mapazia ya watu wengine yako dirishani.

Mume wangu hakupandisha sauti hata mara moja. Alisema tu, "Acha mama, tutapata nyingine." Mimi sijaacha.

Barua ya kampuni ilikuja mwishoni mwishoni mwa zile siku 30. Mistari miwili: taarifa imeondolewa kwenye faili. Neno samahani halimo, nimelitafuta mbele na nyuma. Mume wangu aliisoma akiwa amesimama, akaikunja, akaitia kwenye bahasha moja na ile ya Polisi ya Jimbo. Sasa kila tukienda kuangalia nyumba anaibeba kwenye mfuko wa ndani wa koti, na anaitoa kabla hajaulizwa.