Grisi ya silikoni kwenye soketi za gari, nimeitumia mwaka mzima na mvua zake

Wakuu habari, naandika kuhusu hii grisi ya silikoni ya kupaka kwenye soketi za umeme wa gari maana kabla sijanunua nilitafuta sana mtu aliyeitumia kweli, nikawa naona matangazo tu.

Shida yangu ilikua hivi, gari ikilala kwenye mvua au ikipita dimbwi kubwa inamisi (silinda moja inakosa kuchoma mafuta), inatetemeka, taa ya cheki enjini inawaka, halafu ikishapata moto vizuri inatulia yenyewe kama hakuna kitu. Nikabadilisha plagi zote, nikabadilisha na koili moja (kile kifaa kinachoipa plagi umeme wa cheche), wapi. Siku nimechomoa soketi ya koili ya tatu nikaimulika na tochi ya simu ndo nikaona: pini moja inang'aa, ya pembeni yake imeota unga wa kijani kama wa sarafu ya zamani, na ule mpira mwembamba unaokaa mdomoni mwa soketi umekatika kipande. Maji yanaingilia hapo. Ile koili niliyoitoa ilikua nzima kabisa na hilo liliniuma sana.

Sasa kabla ya grisi nilifanya kosa ambalo naomba mtu asilirudie. Nilichukua silikoni ya kuzibia madirisha, ile inayonuka siki, nikaizungushia soketi yote nikaona hapo maji hayaingii tena. Baada ya wiki chache hali ikawa mbaya kuliko mwanzo. Ile harufu ni asidi inayotoka wakati silikoni inakauka, na asidi hiyo inakula shaba, yaani nilikua nazibia kutu ndani kwa mkono wangu mwenyewe. Kama lazima utumie silikoni ya kukauka tafuta isiyo na harufu ya siki.

Grisi yenyewe kuitumia ni rahisi ila maandalizi ndo kila kitu. Nilitoa waya wa hasi wa betri, nikapuliza dawa ya kusafishia koneksheni, nikasugua pini taratibu na mswaki mdogo mpaka kijani chote kikatoka, nikaacha ikauke kabisa, maana ukipaka juu ya unyevu umeufungia ndani. Nikaweka mpira mpya, nikaupaka mpira wote na mdomo wa soketi, kiasi kidogo tu kama punje ya mchele. Hii grisi haipitishi umeme kwahiyo watu wanaogopa, ila pini zinapoingia zinaisukuma pembeni chuma kinagusana na chuma, hakuna shida. Shida ni kujaza. Soketi ya kwanza niliijaza mpaka klipu ikagoma kulia "klik", maana hewa na grisi vilikua havina pa kutokea, ikabidi nifute nianze upya. Na msitumie grisi ya kawaida ya beringi, ya mafuta ya petroli, inavimbisha mipira mingi ya soketi halafu haibani tena.

Matokeo: mwaka umepita, mvua zote zile, haijamisi hata siku moja. Juzi nimezifungua kuangalia, pini bado zinang'aa na grisi bado laini, haijakauka wala kuyeyuka na joto la enjini.

Ila haitibu kila kitu. Taa yangu ya fogi iliingia maji pamoja na grisi yote niliyopaka, kumbe waya ulikua umechubuka mbele huko, maji yakawa yanatembea NDANI ya ganda la waya katikati ya nyuzi za shaba mpaka yanatokea nyuma ya soketi. Hapo dawa ni kukata, kuunga vizuri, na kuvalisha ule mrija wenye gundi ndani unaosinyaa ukiupasha moto. Tepu ya umeme peke yake ikipata joto inaachia. Nikaupinda pia waya ushuke chini kidogo kabla ya kupanda kwenye soketi ili tone lidondokee pale kwenye tumbo la waya.

Na kontrol boksi (kompyuta ya enjini) msizibe kile kitundu chake cha kupumulia. Boksi likiwa la moto likamwagiwa maji ya baridi hewa ya ndani inasinyaa, sasa kama haina pa kuingilia itavuta maji kupitia penye udhaifu wowote. Ile IP67 mnayoiona imeandikwa kwenye kifaa maana yake vumbi haliingii na kinastahimili kuzama mita 1 kwa dakika 30, haimaanishi kinahimili presha ya mashine ya kuoshea, kwahiyo nikiosha enjini sasa hivi ni kitambaa na brashi tu.

Lawama yangu kwa hii tyubu ni kifuniko, hakibani, grisi inavuja na ikigusa mikono haitoki kwa sabuni ya kawaida. Lakini nitanunua tena. Nimebakiza soketi za sensa za ABS (mfumo wa breki unaozuia tairi kujifunga) kwenye matairi ya nyuma, ndo zinazokula tope kuliko zote, nazimalizia wikiendi hii.